Bi Mwatum Pandu na Makubadhi ya Sinema Nuru

Wasifu wa marehemu Bi Mwatum Pandu Ubwa, 1954–2025. Umeandikwa na binti yake, Muzdalifa Makungu, na unasomwa na mwanawe mkubwa, Talib Makungu, kwenye khitma yake, Mpendae, Unguja, Ijumaa tarehe 24 Januari 2025.

Masheikh wetu, wazee, ndugu na majirani, familia inakushukuruni kwa kuja. Wengi wenu mlikuwapo makaburini Jumanne mkaona ajabu kuwa wasifu haukusomwa. Haukusomwa kwa sababu haukuwa tayari, na haukuwa tayari kwa sababu watu walikuwa wanagombana. Bi Mwatum aliacha amri moja tu: kisa cha makubadhi kisomwe mbele ya watu, tena mbele ya wanaume, kwa kuwa ni wanaume waliolitembeza jina lake baraza hadi baraza kwa miaka thelathini na saba. Wapo waliotuomba tusikisome. Tumewasikiliza, na mtasikia walivyojibiwa.

Marehemu alizaliwa Matemwe tarehe 9 Agosti 1954, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Pandu Ubwa na Bi Maisara Mcha. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na shangazi yake akamchukua kuja kumlea mjini, Kiponda, katika nyumba iliyoshirikiana ukuta na Sinema Nuru. Nyimbo za filamu alizisikia ukutani kabla hajaona filamu yenyewe. Alipopelekwa mara ya kwanza, Sikukuu ya mwaka 1963, katika hadithi ile mama wa watoto wawili alifariki, na ukumbi mzima ulilia. Filamu ilipokwisha watu walitoka, Mwatum akabaki amesimama chini ya lile pazia jeupe.

"Mwatum, unangoja nini?" shangazi yake alimuuliza.

"Nnamngoja yule mama atoke, nimpe pole."

Aliambiwa hayumo. Hakuridhika. Mpaka uzeeni alikuwa akisema kuwa siku ile walimtoa ukumbini kwa nguvu, na yule mama pole yake hajaipata.

Alisoma skuli za mjini hapa mpaka darasa la kumi, akamaliza mwaka 1972. Alikuwa hodari wa hesabu na mwandiko. Ripoti yake ya mwisho ipo bado, na mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu: "Anasema mno. Hawezi kuweka neno." Mwalimu yule angeishi akaona.

Tarehe 6 Januari 1975 aliajiriwa Sinema Nuru kusimamia mlango wa wanawake. Vijana waliopo hapa hawajui mlango huo ulikuwa nini. Kila Jumatano saa nane mchana palikuwa na shoo ya wanawake watupu. Mwanamme haingii, hata meneja mwenyewe haingii. Mwanamme mmoja tu aliruhusiwa kuwamo, mwendesha mashine, naye alifungiwa juu kwenye chumba chake na ufunguo anao Bi Mwatum. Wanawake walianza kujitayarisha tangu Jumanne. Walitia hina, walichoma udi, walichagua kanga ya kuvaa ndani ya buibui ili likivuliwa ukumbini ionekane. Walikuja kuona filamu na walikuja kuonana. Posa zilianzia mle, ugomvi ulisuluhishwa mle, na aliyefiwa alilia mle kwa kisingizio cha filamu bila ya mtu kumuuliza ana nini.

Kazi ya Bi Mwatum ilikuwa kuhakikisha kila anayeingia ni mwanamke. Nyuso zimefunikwa, basi aliwajua kwa miguu. Alijua nani ana kidole kilichopinda, nani anakanyagia nje, nani amevaa viatu vya dada yake. "Shikamoo bibi, goti lishapoa?" alimuuliza mtu ambaye hajamuona hata jicho. Watu walicheka wakimwambia akikosa kazi ya sinema awe askari.

Mwendesha mashine aliyefungiwa juu alikuwa Bwana Makungu Talib, mtu mpole, mfupi, mwenye miguu midogo mithili ya mtoto wa skuli. Miguu hiyo tunaitaja kwa sababu itahitajika mbele. Kutoka kwenye kitundu cha mashine yake, kitu pekee alichokuwa akikiona gizani ni kurunzi ya Bi Mwatum ikipanda na kushuka safu kwa safu. Alisema alimpenda kwa ile kurunzi kabla hajamsikia sauti. Walifunga ndoa tarehe 20 Novemba 1976 na Mungu akawajaalia watoto watatu: Talib, Muzdalifa na Munir.

Sasa tunafika palipoleta ugomvi.

Jumatano tarehe 15 Aprili 1987 masika yalikuwa yamekaza. Filamu ilikuwa mpya na wanawake walijaa mpaka ngazini. Bi Mwatum alikata tikti kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akizuia mlango usipigwe na upepo, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, hakutazama miguu. Filamu ilikuwa haijafika nusu pale mwanamke wa safu ya nyuma alipoinama kuokota kiatu cha mwanawe. Chini ya buibui la jirani yake akaona makubadhi ya kiume, makubwa, ya ngozi, yenye mshono mpya wa uzi mweupe.

"Mwanamme! Jamani, humu mna mwanamme!"

Wanawake zaidi ya mia mbili waliinuka kwa pamoja gizani. Joto lilikuwa limewavua mabuibui, na kila mmoja alinyakua lililo karibu na mkono wake. Mwezi mzima baadaye watu walikuwa wakipita majumbani kubadilishana. Mtu mmoja alivunjika mkono mlangoni. Watoto walikanyagwa. Na waliobaki ndani, wenye moyo, walivua viatu wakavishika mkononi, wakamsaka mwanamme wao wampige.

Bi Mwatum alimpata kabla yao. Alikuwa kajibanza chooni nyuma ya mlango. Bi Mwatum akatia komeo kwa ndani, akamuelekezea kurunzi.

"Funua uso."

Uso ulikuwa wa Biasha Borafya, mwanamke wa mtaa wa pili, umri wake miaka ishirini na mitano, mama wa watoto wawili.

"Biasha! Una wazimu? Viatu vya nani hivyo?"

"Vya Wakil."

"Vyako viko wapi?"

Biasha akaeleza mbio mbio. Mumewe, Bwana Wakil Kheir, hakutaka aende sinema. Jumatatu waligombana, na Bwana Wakil akavinyanyua viatu vya mkewe mbele ya uso wake akala yamini: "Wallahi, ukitia mguu sinema na viatu hivi, huna mume." Kisha akavifungia kabatini, ufunguo akatia mfukoni. Biasha akakaa siku mbili akiyapima maneno. Viatu hivi, kasema. Hakusema vyengine. Na Jumatano, mume alipokwenda kazini na ndara, Biasha akavaa makubadhi yake akatoka.

"Kiapo hakijanipata, Bi Mwatum, ama kimenipata? Niambie. Sikuvaa vile, nimevaa vyake."

"Mie si kadhi, mwanangu."

Nje walikuwa wakiubamiza mlango kwa visigino. "Mtoe! Mtoe tumuone!"

Fikirini alipokuwa amesimama. Akifungua mlango na kusema "Si mwanamme, ni Biasha," fujo inakwisha pale pale, watu wanacheka, shoo inaendelea, na jina lake yeye linabaki safi. Lakini kabla ya magharibi mji mzima unajua, Bwana Wakil anajua, na yeye ndiye mwenye kusema kiapo kile kilikuwa cha viatu au kilikuwa cha sinema. Neno lake moja na Biasha hana mume, na watoto wake wanabaki kwa baba yao. Mdogo alikuwa bado ananyonya.

"Vua," Bi Mwatum alimwambia.

Alivua na yeye vyake, viatu vyeusi vya kifungo, akampa. Chooni mlikuwa na mlango mdogo wa kutokea uchochoroni, na ufunguo wake anao yeye. Akamtoa. Kisha, hana kitu miguuni, akafungua komeo na kuwakabili wale wanawake, makubadhi yako mkononi.

"Katoka kwa nyuma," alisema. "Kakimbia. Kaacha viatu."

Sisi wanawe tulipoambiwa kisa hiki, mwezi uliopita, Munir alimuuliza kwa nini alisema uwongo. Alikasirika akajaribu kukaa kitandani. "Sikusema uwongo! Nlisema katoka. Nlisema kakimbia. Mwanamke naye akitoka si katoka? Mwanamme wamemtia wao." Na ni kweli. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyepata kumsikia Bi Mwatum akisema kuwa aliyetoka alikuwa mwanamme.

Kesho yake meneja alimwita. "Wewe unayejua miguu yote ya mji huu, huyu ulimpitishaje? Na mlango wa nyuma nani kamfungulia?"

"Mimi."

"Unamjua?"

"Nnamjua. Simtaji."

Angesema hamjui pengine angesalimika. Jibu lile ndilo lililommaliza. Mlinzi wa mlango wa wanawake kamfungulia mwanamme, anamjua, na anamficha. Kilichobaki kila mtu alijisemea mwenyewe.

Alasiri ile meneja alichukua makubadhi akayazungusha mabarazani, apate kumjua mwenyewe. Alifika barazani kwa Bwana Wakil Kheir, watu wanakunywa kahawa, akayanyanyua. "Vya nani hivi?" Bwana Wakil aliyatazama makubadhi yake, yenye mshono aliolipia kwa fundi wiki ile ile. Akikubali ni vyake, basi ama yeye ndiye aliyevaa buibui, ama mkewe kamzunguka. Alikunywa kahawa yake.

"Sivijui," alisema. "Lakini huyo mwanamke wa mlangoni atolewe. Wake zetu hawana stara pale."

Wote wakaitikia. Bi Mwatum alifukuzwa tarehe 21 Aprili 1987, na meneja alimtupia makubadhi mapajani mbele ya wafanyakazi wenzake. "Chukua viatu vya bwana wako."

Bwana wake alikuwepo, amesimama kwenye ngazi ya chumba cha mashine, na miguu yake kila mtu anaijua.

Aliyafunga makubadhi kwenye gazeti akarudi nayo nyumbani. Bwana Makungu hakupiga wala hakutukana. Alifanya jambo baya zaidi: aliyaweka makubadhi mlangoni, juu ya kizingiti, yakakaa hapo miezi mitatu. Kila mwanamme aliyepiga hodi alitazamwa miguu kwanza. Mjomba wetu mmoja alikuja kuleta samaki, akayasogeza kwa mguu apate kupita, akaulizwa kwa nini ameyasogeza kwa mazoea. Bi Mwatum alikuwa akipika, akifua, akitupeleka chuo cha Kurani, na kila akitoka au kuingia anayaruka yale makubadhi. Talib alikuwa na miaka tisa na anakumbuka.

Siku moja mchana Bwana Makungu aliyaokota mwenyewe, akayapangusa vumbi, akayaweka juu ya kabati. "Mwatum," alisema, "viatu hivi vishanichosha. Nimekaa na wewe miaka kumi na moja na sijakuona na baya. Sikuulizi tena." Na hakuuliza tena. Bi Mwatum alituambia kuwa angeulizwa siku ile angesema kila kitu, na kwamba kutokuulizwa kulimuumiza kuliko ile miezi mitatu.

Alikwenda kwa Biasha mara moja tu, mwaka ule ule, akamuomba ruhusa amwambie Bwana Makungu peke yake. Biasha alimpigia magoti. "Wanaume wanakaa baraza moja, Bi Mwatum. Atamwambia wa kwanza, na wa pili ni Wakil." Basi akaahidi, na aliyoyaahidi akayatimiza.

Tuseme na la sinema, kwa kuwa wengi wenu mtataka kujua. Jumatano iliyofuata walikuja wanawake kumi na mmoja. Iliyofuata hiyo, wanne. Baada ya Ramadhani shoo ya wanawake ilifutwa. Bwana Wakil alikuwa wa mwanzo mtaani kwake kuleta televisheni na deki ya video, aliiweka sebuleni, akamwambia mkewe, "Sinema hii hapa. Unakwenda wapi tena?" Na waume wengine wakafuata. Watu husema deki ililetwa kwa starehe. Nyumba nyingi ililetwa kama komeo. Mwanzo wanawake walijazana kwa mwenye nayo, kanga zao nzuri wakavaa. Kisha kila nyumba ikawa na yake, na kanga nzuri zikarudi sandukuni. Nuru wakabaki vijana wa kiume na miluzi yao, na mtu anayejiheshimu akaona tabu kuonekana pale. Bwana Makungu aliendesha shoo ya mwisho tarehe 29 Juni 1996 kwa watu tisa. Jengo likawa ghala la sementi, leo ni duka la vinyago vya watalii.

Hatusemi makubadhi ndiyo yaliyoifunga Nuru. Majumba mengine yalifungwa bila ya kubadhi wala kiatu, na simu hizi mlizozizima leo, wale mliozizima, zingemaliza kazi hata hivyo. Lakini mjini walisema ni yeye. "Mwatum Mlango," walimwita, na wanawake ambao goti lao alikuwa akiliulizia walivuka upande wa pili wa njia. Mwaka 2019 alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu na kinasa sauti, akamuuliza kwa adabu: "Bibi, kwa nini watu wameacha kwenda sinema?" Aliitazama ile mashine mpaka yule binti akaangalia kama inafanya kazi. Mwishowe akasema, "Andika televisheni, mwanangu. Andika televisheni na video, inatosha." Binti alipoondoka alikaa upenuni mpaka adhana ya alasiri, akili haipo.

Kuanzia mwaka 1990 alikuwa na kimeza chake sokoni Mwanakwerekwe, anauza vitambaa na nyuzi za kofia. Alikaa pale miaka ishirini na sita. Wateja walimpenda, kwani hapunji na anasema sana, na aliendelea kuwajua watu kwa miguu. Hata hivyo jina lilimfuata. Mwaka 2001 ilikuja posa ya Muzdalifa, ikakubaliwa, tarehe ikawekwa. Wiki mbili kabla ya harusi upande wa mume ulirejesha. Mama wa yule kijana alisema mlangoni, kwa sauti ya kusikiwa na majirani, "Sisi hatuoi kwa mwenye kufungulia wanaume mlango." Bi Mwatum alikuwa amesimama nyuma ya pazia na jibu liko mdomoni mwake. Hakulitoa. Mwandishi wa wasifu huu alimchukia mama yake kwa siku hiyo kwa miaka mingi, na leo anaomba radhi mbele yenu, kwani yeye mwenyewe hawezi tena kuombwa.

Bwana Makungu alifariki tarehe 2 Oktoba 2009. Siku zake za mwisho Bi Mwatum alikaa kichwani kwake, mara mbili akafungua mdomo na mara mbili akaufunga. Bwana Wakil alikuwa bado mzima. Mumewe aliondoka duniani hajaambiwa, na hilo ndilo jambo pekee katika maisha yake Bi Mwatum alilolilia kwa sauti.

Maradhi ya sukari yalimpata mwaka 2014, na figo zikaanza kuchoka mwaka jana. Mwezi wa Disemba, alipokuwa amelala nyumbani hapa Mpendae, alikuja mgeni. Alivaa buibui la kizamani. Bi Mwatum hakungoja uso.

"Biasha," alisema, "mguu wako wa kulia bado unaukanyagia ndani."

Bi Biasha alikuwa na habari aliyokaa nayo karibu miaka miwili. Mumewe alifariki Machi 2023, na siku chache kabla alimwita. "Ile siku ya sinema nlijua," alimwambia. "Nlirudi nkakosa makubadhi yangu, na kesho yake nkaletewa barazani nkayakana. Mimi nlisema viatu hivi, na nia yangu ilikuwa viatu hivyo hivyo. Ndoa yetu haikupata kitu. Usiogope tena."

Ndugu zetu, mtu huyu alijua. Tangu siku ya pili alijua. Mkewe alikaa miaka thelathini na sita hajui kama ana mume, mwanamke mwengine alibeba aibu isiyo yake, na yeye akinywa kahawa.

Bi Mwatum alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani. "Na Makungu keshakufa," alisema. "Leo ndo mnanambia, na Makungu keshakufa." Siku tatu hakutaka kula. Ya nne alituita sote, akatuhadithia yote haya, akasema yasomwe akishazikwa, si kabla. "Nikiwa hai watakuja kuniomba radhi, na mie ntalazimika kusema si kitu. Na ni kitu."

Alifariki Jumanne tarehe 21 Januari 2025, saa nne asubuhi, na akazikwa alasiri ile ile Mwanakwerekwe, karibu na mumewe. Alikuwa na miaka sabini.

Siku hiyo hiyo kabla ya maziko alikuja Bwana Muhiddin Wakil, mtoto mkubwa wa Bi Biasha, aliyekuwa amesikia kwa mama yake kitu gani kitasomwa. Alizungumza na Talib uwani.

"Ndugu yangu, nakuomba. Baba hayupo kujitetea. Mnamzika mara ya pili."

"Na mama yangu alizikwa mara ngapi?" Talib alimjibu.

Walipandishiana sauti hata watu wakatoka kusikiliza. Ndani ya familia yetu pia tuligawika. Munir alisema kumtaja maiti kwa aibu yake si jambo jema, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tuliulizana juu yake Jumatano nzima na hatukufika popote.

Jana asubuhi Bi Biasha alikuja mwenyewe, na Muhiddin yuko nyuma yake. Alikuwa amebeba kifurushi cha kanga. Hakukaa. Alikifungua mbele yetu, na ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya kifungo, vimepakwa rangi, kwa ndani vimejazwa karatasi visipoteze umbo.

"Nimekuja kurejesha viatu vya watu," alisema. "Nimechelewa." Kisha akamgeukia mwanawe. "Baba yako aliulizwa mbele ya watu akasema havijui. Mimi mwenyewe nlimfuata, miaka yote, nkasema sivijui kwa kunyamaza. Wewe umeulizwa na nani?"

Muhiddin alitoka nje, akakaa na Talib barazani, na alipoinuka alisema neno moja tu: "Someni. Mkifika mwisho, niulizeni mimi."

Marehemu Bi Mwatum Pandu Ubwa ameacha watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Ameacha kurunzi yake, ambayo bado inawaka. Ameacha rafiki mmoja, Bi Biasha Borafya, aliyetwambia jina lake liandikwe kwa ukamilifu. Yumo ndani na wanawake wenzake na anasikia. Na ameacha jozi moja ya makubadhi ya kiume, yenye mshono wa uzi mweupe, ambayo tangu asubuhi yapo kizingitini, pembeni ya viatu vyenu.

Mungu ampokee mama yetu na ampumzishe. Kasimama mlangoni muda mrefu.

Kaka Talib, ukifika hapa usikae. Nenda mlangoni ukayanyanyue makubadhi, watu wote wayaone, uulize kama walivyouliza wao:

"Vya nani hivi?"